Mganga wa Nyumba Yako ni Nani?

Huko Uingereza, tangu mwaka 1948, watu hujiandikisha kwa daktari wa familia, naye ndiye mlango wa kwanza wa matibabu ya serikali. Huyo huweza kuwajua baba, mama na watoto, na maradhi waliyowahi kuugua. Je, sisi wa Kizuka, kandokando ya Ziwa Tanganyika, tunaye nani?

Madaktari wa Burundi ni wachache, na wengi wao wako mijini. Kwa hiyo kazi hiyo imewaangukia wauguzi wa kituo cha afya, wakisaidiwa na abaremeshakiyago, yaani wahudumu wa afya wa kila kilima. Tangu mwaka 2006, mtoto aliye chini ya miaka mitano na mama anayejifungua hutibiwa bila malipo.

Lakini wengi wetu hutangatanga: leo duka la dawa, kesho mganga wa mitishamba. Malaria haingoji. Nacho kipindupindu, ambacho kimezuka mara nyingi katika pwani hii, huweza kuua kwa saa chache.

Basi, mama, shika kituo kimoja. Tunza daftari la kila mtoto. Akiharisha, chukua lita moja ya maji safi, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, umnyweshe huku mkielekea kituoni. Muuguzi aijuaye nyumba yako hutambua ugonjwa mapema kuliko mgeni. Wala usimfiche neno, kwani mficha maradhi kifo humuumbua.