Jinsi ya kuchagua sevo za helikopta ndogo kwa mfuko mwembamba

MWANAFUNZI anayeishi Kahawa Wendani na mwenye hamu ya kuunda helikopta ndogo inayoongozwa kwa redio hahitaji kwenda mbali kutafuta sevo. Akipanda matatu hadi katikati ya jiji la Nairobi, atazikuta katika maduka ya vifaa vya elektroniki ya Luthuli Avenue, zikiuzwa kwa shilingi mia kadhaa kila moja.

Hata hivyo, sevo nyingi za bei hiyo hazikukusudiwa kubeba helikopta angani. Hutumiwa zaidi kugeuza mkono wa roboti ya darasani au kufungua kijilango cha mradi wa wanafunzi. Huko, sevo ikikwama, mtu huizima na kuanza upya. Angani hakuna kuanza upya.

Kwa hivyo, swali la mtu mwenye pesa chache si sevo ipi iliyo rahisi kuliko zote, bali ni wapi anaweza kubana matumizi na wapi hathubutu.

Sevo ni kisanduku kidogo chenye mota ya umeme, gia, kifaa cha kupima pembe na saketi inayoviongoza vyote. Kipokezi cha redio huitumia mipigo ya umeme. Mpigo wa milisekunde 1.5 huuweka mkono wa sevo katikati, mpigo wa milisekunde 1 huugeuza upande mmoja, nao wa milisekunde 2 huugeuza upande wa pili. Sevo za analogi hupokea mipigo ipatayo 50 kwa sekunde, ilhali nyingi za dijitali zinaweza kupokea zaidi ya 300.

Helikopta ya kawaida ya wapenda mchezo huu huwa na sevo nne. Tatu hukaa chini ya pangaboi kuu na kushikilia sahani inayoinama na kupanda, ambayo hubadilisha pembe ya mapanga. Hizi ndizo huipaisha helikopta, huishusha na kuielekeza mbele, nyuma au kando. Ya nne huongoza pangaboi la mkia, linalozuia kiwiliwili kizima kuzunguka kama pia.

Mota ikizima angani, rubani stadi bado anaweza kuiteremsha helikopta polepole, kwa kuwa hewa inayopanda kutoka chini yake huendelea kuyazungusha mapanga. Lakini sevo moja ya sahani ikifa, sahani huinama upande mmoja na rubani hubaki mtazamaji tu.

Nguvu peke yake hazitoshi

Maelezo yaliyochapishwa kwenye pakiti huanza na nguvu za msokoto, ambazo hupimwa kwa kilo-sentimita. Sevo ya kilo-sentimita 2 inaweza kuhimili kilo 2 kwenye mkono wa sentimita 1, au kilo 1 kwenye mkono wa sentimita 2. Mnunuzi akumbuke kwamba kipimo hicho ni kile ambacho mota hufikia inapokwama kabisa. Katika kazi ya kawaida, ni busara kutegemea nusu yake au chini ya hapo.

Chukua mfano wa sevo maarufu ya SG90. Ina uzito wa gramu 9, gia za plastiki, na nguvu zinazotajwa kuwa kilo-sentimita 1.8 kwa volti 4.8. Ndugu yake, MG90S, ina gia za chuma na uzito wa gramu 13.4, na hufikia kilo-sentimita 2.2 kwa volti 6. Kwa kutazama takwimu hizo pekee, mtu angedhani kuwa zote mbili zinatosha helikopta ya ukubwa unaoitwa 450, ambayo ina uzito usiofika kilo moja.

Linalosahaulika ni kasi. Kasi ya sevo hupimwa kwa muda inaotumia kugeuka nyuzi 60. Pangaboi kuu la helikopta ya 450 huzunguka takriban mara 2,500 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 41 kwa sekunde. Sevo inayotumia sekunde 0.12 kumaliza nyuzi 60 huwa imeyaacha mapanga yakizunguka mara tano kabla ya kufika. Kwa sahani, inafaa kutafuta sevo ya sekunde 0.10 au chini yake. Kwa mkia, sekunde 0.06 au chini ya hapo ndizo zinazopendekezwa, kwa sababu mkia hupambana na kila badiliko la nguvu za mota na kila upepo.

Mtego huu ni mkubwa zaidi kwa anayeunda helikopta kubwa. Sevo ya MG996R ina gia za chuma na hutajwa kuwa na nguvu za kilo-sentimita 9.4 kwa volti 4.8, kwa bei inayovutia. Lakini hutumia sekunde 0.17 kugeuka nyuzi 60 kwa volti hizo. Ni mfanyakazi hodari wa kunyanyua mkono wa roboti, si wa kushikilia sahani inayotikiswa na mapanga.

Jambo la tatu ni ulegevu. Shika mkono wa sevo iliyowashwa na uutikise kidogo. Ukicheza huku na huko kabla ya mota kukataa, ulegevu huo utafika hadi kwenye mapanga, na helikopta haitatulia hewani hata rubani awe na mikono mitulivu namna gani. Gia za chuma hazivunjiki upesi, lakini baadhi yake hulika na kulegea kadiri zinavyotumika. Gia za plastiki ngumu hukatika meno katika ajali, ila ni nyepesi na mara nyingi hazichezi zikiwa mpya. Ndiyo sababu sevo ambayo gia zake za akiba huuzwa kando huweza kuwa nafuu kuliko ile ya kutupwa baada ya kuanguka mara moja.

Umeme nao ni sehemu ya bajeti

Sevo nne zikifanya kazi kwa wakati mmoja huvuta umeme mwingi. Sevo ndogo inapokwama inaweza kuvuta karibu ampea moja peke yake. Ikiwa kifaa kinachopunguza volti za betri kinatoa ampea 2 tu, volti zitashuka ghafla, kipokezi kitazima na kuwaka tena, na katika sekunde hizo helikopta haina mwenyewe. Kwa helikopta ya 450, kifaa cha ampea 3 au zaidi ni cha lazima.

Vilevile, usiunganishe sevo ya volti 6 moja kwa moja kwenye betri ya lithiamu yenye seli mbili. Betri hiyo ikijaa hufika volti 8.4, na sevo ambayo haikuundwa kwa volti hizo inaweza kuungua.

Mkia una tahadhari yake. Sevo ya mkia huongozwa na jairo, kifaa kinachohisi mzunguko wa kiwiliwili na kuurekebisha. Jairo nyingi zinaweza kutuma mipigo zaidi ya 300 kwa sekunde, na ukiziunganisha na sevo ya analogi kwa mpangilio huo, sevo hupata joto na kuharibika. Isitoshe, baadhi ya sevo za mkia hutumia mpigo mfupi wa mikrosekunde 760 kuwa ndio katikati, badala ya 1,520 wa kawaida. Soma maelezo ya sevo na ya jairo kabla ya kuwasha chochote.

Helikopta zisizo na fimbo ya uthabiti juu ya mapanga, ambazo zilienea katika miaka ya 2010, huhitaji sevo za dijitali zenye kasi hata kwenye sahani, kwa kuwa elektroniki ndizo hufanya kazi ya fimbo hiyo. Anayeanza na ambaye mfuko wake hauruhusu anaweza kutafuta helikopta ya zamani yenye fimbo. Hiyo huvumilia sevo za wastani kwenye sahani mradi haifanyishwi sarakasi.

Pesa zianzie wapi

Ikiwa pesa zinatosha sevo moja tu ya hali ya juu, iwe ya mkia. Sevo tatu za sahani ziwe za aina moja, toleo moja na umri mmoja. Kuchanganya sevo yenye kasi na iliyo nzito wa mwendo hufanya sahani iiname wakati inapaswa kupanda ikiwa sawa. Ni afadhali kununua nne za wastani zinazofanana, moja ikiwa ya akiba, kuliko kununua moja ya kifahari na mbili za kubahatisha.

Sevo zilizotumika pia zinaweza kufaa, mradi muuzaji akubali zijaribiwe. Anayeagiza kutoka nje ya nchi ajumlishe gharama ya usafirishaji na VAT ya asilimia 16 kabla ya kulinganisha bei, la sivyo ile iliyoonekana rahisi kwenye intaneti itageuka ghali ikifika.

Bandia nazo ni nyingi. Chukua mizani ndogo, kwani sevo isiyo na uzito unaotajwa na mtengenezaji ni ya kutiliwa shaka. Kisha uijaribu mezani. Weka alama mkono unapokuwa katikati, uugeuze huku na huko mara nyingi, na utazame kama unarudi palepale. Sikiliza kama gia zinakwaruza. Funga pakiti ya sukari ya nusu kilo kwenye mkono wa sentimita 2, ambao ni mzigo wa kilo-sentimita 1. Sevo inayodai kilo-sentimita 2 inapaswa kuunyanyua bila kutetemeka. Mwishowe, iache ifanye kazi bila mzigo kwa robo saa, kisha uiguse. Ikiwa imepata joto la kuogofya, irudishe dukani.

Majaribio haya yanachosha, lakini yana maana. Ncha za mapanga ya helikopta ya 450, inayobebwa kwa mkono mmoja, hukata hewa kwa kasi inayozidi kilomita 300 kwa saa. Mnamo Septemba 2013, kijana wa miaka 19 alifariki katika bustani moja mtaani Brooklyn, New York, baada ya kugongwa na helikopta ya redio aliyokuwa akiirusha mwenyewe. Ile ilikuwa kubwa kuliko 450, lakini ndogo nayo inaweza kukata vidole au kupofusha jicho.

Kwa sababu hiyo, Kahawa Wendani yenyewe, pamoja na hosteli, magorofa na watoto wake wanaocheza vichochoroni, si mahali pa kujaribia. Isitoshe, eneo la Kahawa lina kambi ya jeshi, na Kenya ilichapisha kanuni za vyombo vya angani visivyo na rubani mwaka wa 2020. Kabla ya kurusha popote, uliza Halmashauri ya Usafiri wa Ndege (KCAA) kuhusu sheria zinazohusu chombo chako, kisha utafute uwanja ulio wazi kwa idhini ya mwenyewe. Jaribio la kwanza la sevo zilizofungwa kwenye helikopta lifanywe mapanga yakiwa yameondolewa.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Sevo moja mbovu ya sahani huangusha mapanga, mhimili, gia kuu, mkia na mara nyingi betri pia, na vyote hivyo hununuliwa upya. Asiye na pesa za sevo nne zinazofaa leo na asubiri mwezi mwingine, huku akijifunza kurusha kwa programu ya mazoezi kwenye kompyuta. Huko ataanguka mara mia bila kununua hata skrubu moja, na siku sevo zitakapopatikana, vidole vyake vitakuwa tayari.