"Ni mimi": nafsi katika sarufi na katika simu

Mtu akibisha usiku tukauliza "Nani?", hujibu "Ni mimi!" na tunamfungulia. Jibu hilo halimtaji mtu yeyote. Ni sauti iliyofanya kazi yote.

Mwanaisimu wa Ufaransa, Émile Benveniste, katika makala yake ya mwaka 1958 kuhusu nafsi katika lugha, alieleza kuwa "mimi" si jina la mtu wala la kitu. Ni nafasi tupu: huikalia yule anayesema, kwa muda anaosema. Kwake, binadamu haingii katika lugha akiwa na nafsi iliyokwisha kukamilika. Hujitambua kuwa "mimi" anapomsemesha "wewe", ambaye akijibu anakuwa "mimi" kwa zamu yake. Kiswahili kina bahati hapa, kwa sababu neno la wanafalsafa ndilo la sarufi pia: nafsi ya kwanza, ya pili, ya tatu. (Hiyo ya tatu Benveniste hakuikubali, kwani anayesemwa tu hayumo katika mazungumzo.)

Mwaka jana nilipata ujumbe kutoka namba nisiyoijua: "Ni mimi yaya yako, nimepoteza simu, nitumie dola 20." Nikatuma. Yaya hakuwa amepoteza chochote. Na nadharia hii nilikuwa nimeifanyia mtihani mwezi uliotangulia, tena nikapata alama nzuri! Maandishi yalileta "mimi" bila sauti, nami nikaijaza ile nafasi kwa uso wa yaya. Nilipopiga namba ile ili "wewe" anijibu, simu ilikuwa imezimwa. Yaya ameniambia nisimtumie tena hata faranga moja kabla ya kumsikia akiongea.