Tegu wa Mbwa na Chanjo Isiyowafaa Wote

Echinococcus granulosus ni tegu mdogo wa milimita chache anayeishi kwenye utumbo wa mbwa bila kumdhuru sana. Mayai yake hutoka na kinyesi na kutapakaa malishoni. Kondoo, mbuzi au ngamia akiyameza, kiluwiluwi hutoka kwenye yai, hupenya ukuta wa utumbo na kwenda kujenga kifuko cha maji, mara nyingi kwenye ini au mapafu. Binadamu huambukizwa vivyo hivyo, na kifuko kikikua huenda kikahitaji upasuaji. Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, imejulikana kwa miongo mingi kuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika zaidi duniani.

Kifuko kikishakomaa, kinga ya mwili hukiweza kwa shida. Udhaifu wa tegu huyu uko mwanzoni, kiluwiluwi kinapokuwa bado kichanga. Hapo ndipo walipolenga Marshall Lightowlers wa Australia na David Heath wa New Zealand. Jeni ya protini moja ya kiluwiluwi, iitwayo EG95, iliingizwa ndani ya bakteria ili wazalishe protini hiyo kwa wingi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kuwa chanjo iliyotengenezwa kwa protini hiyo iliwakinga kondoo kwa zaidi ya asilimia 95. Kwa chanjo ya mnyoo, hayo ni mafanikio adimu.

Lakini jeni hiyo ilitoka kwa aina moja tu ya tegu huyu, G1, iliyozoea kondoo. Ipo pia G5 ya ng'ombe, G6 ya ngamia na G7 ya nguruwe, na tofauti zao ni kubwa kiasi kwamba baadhi sasa huhesabiwa kuwa spishi nyingine. EG95 ya G6 hailingani kikamilifu na ya G1: baadhi ya asidi amino zimebadilika.

Badiliko dogo linaweza kuwa na uzito kwa sababu protini ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja, na kingamwili hushika maumbo ya juu yake. Maumbo muhimu ya EG95 hupatikana tu mnyororo ukiwa umejikunja sawasawa. Asidi amino ikibadilika mahali pasipoguswa na kingamwili, huenda pasiwe na athari yoyote. Ikibadilika penye mshiko, kingamwili hukosa pa kushika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa kingamwili za kondoo waliochanjwa kwa EG95 ya G1 ziliitambua ya G6 kwa sehemu tu.

Si mategu wote walio hivyo. Chanjo ya TSOL18, dhidi ya tegu wa nguruwe Taenia solium, ilitokana na tegu wa Mexico, na bado iliwakinga nguruwe wa Kameruni.

Kwa wafugaji wa Afrika Mashariki, tofauti kati ya G1 na G6 si suala la maabara peke yake. Kenya ina aina zote mbili, na nchini Sudani G6 ndiyo inayotawala. Vipimo vya kingamwili havitoshi kuamua kama chanjo ya G1 inakinga dhidi ya G6. Inabidi wanyama waliochanjwa wapewe mayai ya G6 na vifuko vihesabiwe baada ya kuchinjwa. Dawa ya prazikwanteli, ambayo huua tegu ndani ya utumbo wa mbwa, haitegemei umbo la EG95, kwa hiyo kuwapa mbwa dawa hiyo mara kwa mara na kutowatupia maini na mapafu yenye vifuko bado ni kazi ya lazima hata mifugo ikichanjwa.