Nani anajua hesabu ya kahawa yetu?



Kila mara tunapofika kwenu kwa mambo ya udongo, ya kukata matawi ao ya magonjwa ya majani, mazungumzo yanaishia kwenye bei. Mama mmoja wa Kalehe alituambia waziwazi: “Munatufundisha kulima kawa muzuri, ni sawa. Lakini bei tunaisikia paka siku ya kupima.” Alikuwa na haki. Mti unaweza kutunzwa vizuri na mwenye mti akabaki maskini, kama hajui hesabu inapigwa namna gani na hana pa kuuliza. Basi safari hii tunaacha udongo kando.

Tuanze na ziwa. Kwa miaka mingi kahawa ya Idjwi, Kalehe na Kabare imevuka Ziwa Kivu usiku kwenda Rwanda. Wengi wenu munajua habari hiyo kuliko sisi: magunia ndani ya mtumbwi, upepo unaamka katikati ya maji, na asubuhi kuna nyumba inayongoja mtu ambaye hatarudi. Kuna wajane wa kahawa katika vijiji hivi. Wengine hawakuleta hata feza, walibadilisha kahawa kwa chumvi, nguo ao chakula. Ng'ambo, kahawa ile ilichanganywa na nyingine, na jina la Kivu likapotea.

Kwa nini watu walikubali hatari hiyo? Kwa sababu upande huu wa ziwa kulikuwa na wanunuzi wachache, kodi nyingi, na vizuizi barabarani ambako kila mmoja anataka chake. Ng'ambo walilipa siku ileile.

Wengine wanasema ni soko huru ndilo lililoharibu mambo. Ni kweli nusu. Soko la serikali nalo tulilionja. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yapewe Wazaire, na mengi yaliangukia mikononi mwa wakubwa na rafiki zao, watu wasiojua hata mti wa kahawa unataka nini. Mengi yalikufa. Kisha Julai 1989 mapatano ya dunia yaliyokuwa yakipanga kila nchi iuze kahawa kiasi gani yalivunjika, na bei ikaanguka sana. Baadaye vita vilikuja. Hivyo soko lilipofunguka, mlimaji wa kwetu aliingia ndani peke yake, bila stasio ya kuosha, bila mkopo, bila habari. Mnunuzi alimpa feza kidogo wakati watoto wanafukuzwa masomo, na mavuno yakifika akachukua kahawa kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Mtu wa namna hiyo anauza ao analipa deni? Sisi tunaona analipa deni.

Ndiyo maana koperative za kahawa zilizaliwa tena katika Kivu. SOPACDI ya Minova ilianza mwaka 2003, ikajenga stasio ya kuosha na kutafuta wanunuzi wa Ulaya moja kwa moja, na wanamemba wake ni watu wa makabila mbalimbali. Nyingine zilifuata Idjwi na pwani ya Kalehe. Hatusemi kila kitu ni kizuri ndani yake. Tunasema tu kwamba mlimaji sasa ana mlango wa pili wa kubisha.

Lakini koperative ni kitu gani? Tukiuliza kwenye mikutano, wengi wanajibu: ni mradi, ni wazungu, ni prezida. Hapana. Koperative ni kampuni ya binafsi, na wenye kampuni ni ninyi. Wafumaji wa Rochdale kule Uingereza waliofungua duka lao mwaka 1844 walichukua kanuni ya mtu mmoja, kura moja, na kanuni hiyo iko mpaka leo ndani ya sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010. Kongo iliingia OHADA Septemba 2012, kwa hiyo sheria hiyo ni yetu. Mwenye miti 3000 na mwenye miti 200 wana kura sawa. Katika kampuni ya kawaida, mwenye hisa nyingi ndiye anayeamua. Hapa hapana. Kwa aina ndogo, SCOOPS, watu 5 wanatosha kuanza. Kwa COOP-CA, yenye baraza la uongozi, wanatakiwa 15.

Sasa hesabu, maana kura bila hesabu ni kelele tu. Bei ya arabika inatoka soko la New York, na kule wanahesabu senti za dolari kwa livre moja. Kilo moja ni livre 2.2. Tuchukue mfano (ni mfano, si bei ya leo): New York inasema senti 200. Kilo moja ya kahawa ya kijani itakuwa dolari 4.41. Ili kupata kilo hiyo, mnahitaji karibu kilo 7 za kahawa nyekundu, zile munazoleta kwenye stasio. Kama koperative iliwalipa senti 30 kwa kilo, basi ninyi mulipata dolari 2.10. Zinabaki dolari 2.31.

Ziko wapi? Swali hilo si tusi. Kuna majibu ya haki: mafuta ya mashine ya kumenya, mishahara ya wanaochagua na kugeuza kahawa kwenye vitanda vya kukaushia, usafiri mpaka Bukavu, kazi ya kukoboa, kodi na karatasi za kusafirisha nje, faida ya benki kwa feza iliyokopwa ili muweze kulipwa wakati wa mavuno. Mnunuzi naye anaweza kuongeza juu ya bei ya New York kama kahawa ni safi, ao kupunguza kama ina kasoro. Lakini kila jibu lazima liwe na karatasi na namba. Baada ya kutoa gharama zote, na akiba ambazo sheria inalazimisha (akiba ya jumla na akiba ya mafunzo), kinachobaki kinaweza kurudi kwenu kama ristourne, kufuatana na kilo ambazo kila mtu alileta. Kwa hiyo tunzeni kile kikaratasi cha mizani! Tumeona kikifunga chumvi.

Tulikuwa kwenye mkutano mmoja, hatutaji wapi, papa mmoja akasimama kuuliza kontena iliuzwa bei gani. Akajibiwa: “Mambo ya ofisi tunayajua sisi, wewe leta kawa.” Watu walicheka, akakaa. Mavuno yaliyofuata, stasio ile ilipokea magunia machache sana, na kila mtu alijua mitumbwi ilikwenda wapi. Komite mpya ilipochaguliwa, ilibandika hesabu ukutani, karibu na mizani, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa. Siku za kwanza kulikuwa na makelele, maana watu waligundua pia deni ambalo hawakulijua. Lakini kahawa ilirudi kidogo kidogo.

Neno moja juu ya wanawake, maana hapa tunaona kosa kila siku. Mama analima, anavuna, anabeba ndoo kichwani mpaka stasio. Karatasi ya mwanamemba ina jina la bwana. Siku ya kura, bwana anapiga, ao hayupo kabisa, yuko kwenye machimbo. Watu wanatuambia sheria inataka ruhusa ya mume. Hiyo ilikuwa zamani: marekebisho ya Kodi ya Familia ya Julai 2016 yaliondoa ruhusa hiyo. Mama anaweza kununua hisa kwa jina lake, kupimiwa kwa jina lake na kuchaguliwa kwenye komite. Wapapa, musitukasirikie.

Tena muangalie na upande wa serikali. Majirani wetu wa Tanzania walikuwa na chama chenye nguvu, KNCU ya Kilimanjaro, kilichoanza mwaka 1933. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika na kuweka mashirika yake mahali pao, kisha sheria ya 1982 ikavirudisha. Kitu kilichojengwa na walimaji kwa miaka zaidi ya 40 kiliondolewa kwa amri moja. Kwetu hatari inakuja na sura nyingine: mkubwa anayetaka koperative imfanyie kampeni, ao mfadhili anayechagua meneja. Wafadhili ni pamoja na sisi, tunajua. Mradi wetu utaisha siku moja, na yule atakayesaini mkataba wa kahawa siku hiyo lazima awe mtu muliyemchagua wenyewe na munayeweza kumtoa.

Kama mwaka wenu wa hesabu unaisha Desemba 31, mkutano mkuu wa mwaka unapaswa kufanyika kabla ya mwisho wa mwezi wa sita. Muombe kuona hesabu mbele ya mkutano, si siku ileile. Muje na vikaratasi vya mizani, na muchague kati yenu watu wawili wanaojua kupiga hesabu, wakae na mwenye feza siku moja nzima. Statuti zenu zinasema wanamemba wangapi wanaweza kudai mkutano kama komite inakataa kuuita. Nakala iko ofisini, na muko na haki ya kuisoma. Asiyejua kusoma asomewe kwa Mashi, kwa Kihavu ao kwa Kiswahili, mpaka aelewe.