Shule za Kikatoliki: tusitazame alama tu, tumtazame anayeziongoza

Kila mwaka wa shule unapokaribia kuanza, mazungumzo ya wazazi hapa Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu, huwa ni yale yale. Mama anayevuka Petite Barrière alfajiri na kapu la nyanya kichwani, na mzee aliyerudi na familia yake kutoka Masisi, wote wanaulizana: mtoto tumpeleke wapi? Jibu la wengi ni moja: mpeleke kwa mapadri, au mpeleke kwa masista. Ukiwauliza sababu, watakuambia kuna nidhamu, watoto wanafaulu mtihani wa taifa, na geti linafungwa mapema.

Mimi ni mwalimu, na sipingani nao. Lakini sababu hizo hazitoshi. Nidhamu hata kambi ya jeshi inayo. Thamani ya shule ya Kikatoliki, kwa maoni yangu, inapimwa kwa swali moja tu: siku mtu mwenye nguvu atakapomtaka mkuu wa shule awatenge watoto, mkuu huyo atafanya nini?

Swali hili si la kubuni. Sisi wa eneo hili tunaishi juu ya majibu yake, mazuri na mabaya.

Misheni ya Nyundo, kilomita chache kutoka mjini, ilifunguliwa na Mapadri Weupe mwaka 1901. Ni hapo ambapo Aloys Bigirumwami aliwekwa kuongoza Kanisa mwaka 1952, akawa askofu wa kwanza mweusi katika makoloni yote ya Ubelgiji. Mwaka huo huo ilianzishwa shule ya sanaa ya Nyundo. Miaka miwili baadaye, askofu huyo alianzisha Hobe, gazeti la watoto kwa Kinyarwanda. Huyo alikuwa kiongozi aliyeelewa kwamba mtoto anastahili kusoma kwa lugha ya mama yake.

Hata hivyo, hatuwezi kuficha upande wa pili. Kwa miaka mingi, shule zetu, zikiwemo za Kanisa, ziliandika kabila la kila mtoto. Walimu waliwaamuru wanafunzi wasimame darasani, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine, ili wahesabiwe. Nafasi za sekondari ziligawanywa kwa kabila. Mapema mwaka 1973, wanafunzi wa Kitutsi walifukuzwa katika shule za sekondari na chuo kikuu, wengi kwa orodha za majina zilizobandikwa ukutani. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alivuka mpaka akiwa na daftari na shati moja.

Ndiyo maana mimi nilisomea Goma. Wakati huo Kongo ikiitwa Zaire, serikali ya Mobutu ilikuwa imezitaifisha shule za makanisa mwaka 1974, kisha ikarudisha uendeshaji wake kwa makanisa kwa mkataba wa mwaka 1977. Nilisoma katika mojawapo ya shule hizo za mkataba. Mwaka 1993, vita vya kikabila vilipowaka Masisi, baadhi ya wenzetu darasani walianza kutuita wageni na kutuambia turudi kwetu. Prefe wetu, sista mmoja Mkongomani, hakutoa hotuba. Alibadilisha viti. Kila dawati likawa na mtoto wa "wageni" na mtoto wa "wenyeji", na kitabu kimoja cha hesabu kwa wote wawili. Asiyetaka kushirikiana hakupata kitabu. Baada ya wiki mbili matusi yalipungua. Sikumbuki nilipata alama ngapi mwaka ule, lakini dawati lile nalikumbuka.

Turudi upande huu wa mpaka. Mwezi Aprili 1994, padri Athanase Seromba alikuwa akiongoza parokia ya Nyange, ndani ya jimbo hili la Nyundo. Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia kanisani kwake, na kanisa likabomolewa juu yao kwa tingatinga. Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimhukumu kifungo cha maisha katika rufaa mwaka 2008. Mwezi ule ule, hapa mjini, Félicité Niyitegeka, Mhutu aliyekuwa akihudumu katika Centre Saint Pierre, aliwaficha Watutsi na kuwasaidia kuvuka kwenda Goma. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alimtumia ujumbe akimtaka ajiokoe. Akakataa kuwaacha aliowapokea, na tarehe 21 Aprili aliuawa pamoja nao. Kanisa moja, jimbo moja, mwezi mmoja. Tofauti ilikuwa ni mtu.

Miaka mitatu baadaye, mtihani ule ule ukawafikia watoto. Tarehe 18 Machi 1997, waasi walivamia shule ya sekondari ya Nyange na kuwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wakajibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Wakapigwa risasi na mabomu. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, ikawa zamu ya wasichana wa Muramba. Nao walikataa kujitenga. Wasichana 17 waliuawa, pamoja na Sista Griet Bosmans, Mbelgiji. Wanafunzi wa Nyange, kama Félicité, wamo katika orodha ya mashujaa wa taifa wa daraja la Imena.

Ndugu msomaji, mtoto wa miaka 17 hawezi kubuni jibu la namna ile usiku mmoja, bunduki ikiwa mbele yake. Jibu hilo lilikwisha kujengeka mezani, bwenini na darasani, na watu wazima waliokuwa wakiwalea.

Maaskofu wa Rwanda waliomba msamaha mwezi Novemba 2016 kwa makosa ya wana Kanisa, na Papa Francis akaomba msamaha kwa Mungu mwezi Machi 2017. Ni jambo jema. Lakini msamaha unaonekana shuleni, siku za kawaida, kabla ya hatari kufika.

Kwa hiyo mzazi unapochagua shule, usiishie kwenye buletini na minerivali. Kuhusu fedha, Septemba 2022 serikali ilitangaza kiwango cha mchango wa mzazi katika shule za umma na zile za Kanisa zenye ruzuku: faranga 975 kwa muhula shule ya msingi, 19,500 sekondari ya kutwa, na 85,000 ya bweni. Kwa mfanyabiashara wa mpakani 85,000 si fedha ndogo. Basi ulizia unanunua nini.

Muulize mkuu wa shule: mtoto ambaye karo yake imechelewa anaitwa kwa jina mbele ya wenzake? Mtoto aliyekulia Goma au Kampala, ambaye Kinyarwanda chake kinachechemea, akichekwa mwalimu hunyamaza? Mtoto wa Kiislamu au wa Kiadventisti anaheshimiwa, au anavumiliwa tu? Kisha tazama kama mkuu huyo anawajua wanafunzi kwa majina yao, ama anawajua kwa namba na madeni.

Nasi walimu tujiulize hayo hayo. Anayezoea kumtenga mtoto kwa sababu ya viatu vilivyochanika, atapata wapi nguvu ya kukataa siku atakapoamriwa kumtenga kwa sababu ya damu yake? Samaki mkunje angali mbichi, na mwalimu naye ndivyo hivyo.