Bure si huru: simu zetu, programu zetu na siri za washiriki

Katika makanisa yetu mengi ya mashariki, kazi ya sekretari imehamia ndani ya simu. Orodha ya waliobatizwa, majina ya wajane, hesabu ya sadaka, tangazo la maombi ya usiku, picha za harusi, hata ombi la mama anayeumwa ambaye hataki jirani ajue: vyote vinapita kwenye grupu la WhatsApp. Hatulalamiki. Barua iliyokuwa ikisafiri kutoka Masisi hadi Goma mkononi mwa dereva, ikifika akitaka kufika, sasa inasomwa kabla chai haijapoa. Lakini wazee wa kanisa wanatuuliza, na vijana wa kwaya wanatuuliza zaidi: programu hizi ni salama? Ya bure ni mbaya kuliko ya kulipia? Na hiyo ambayo waliosoma informatiki wanaiita lojisieli libre, yaani programu huru, inatuhusu nini?

Sisi tulisoma teolojia. Hata hivyo siri ya mshiriki ikivuja, haulizwi fundi wa kompyuta, anaulizwa mchungaji. Ndiyo sababu tunaandika.

Kiswahili kinatusaidia hapa. Kwa Kiingereza neno moja linabeba maana mbili, ya kutolipa na ya kutofungwa, na watu wa kompyuta wamebishana kwa sababu yake kwa miaka mingi. Sisi tuna maneno mawili, bure na huru. (Na bure yetu ina maana ya tatu, ile ya kazi bure na maneno bure, ambayo nayo tutaihitaji.)

Chukua mfano wa chukudu. Mtu yeyote wa Goma au Sake akiitazama anaona kila kipande: mbao, magurudumu, misumari, mpira uliokatwa kutoka tairi la gari. Seremala wa Kibumba akitaka kuirefusha ili ibebe magunia zaidi ya viazi, haombi ruhusa kwa mtu. Ikivunjika, inatengenezwa pale pale barabarani. Programu huru ni hivyo. Programu ya kompyuta huandikwa kwanza na watu, kwa maandishi ambayo fundi anaweza kuyasoma, kisha hugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Makampuni mengi hukuuzia au hukupa hiyo ya mwisho tu, na kuyaficha maandishi ya asili. Programu huru hukupa yote mawili pamoja na ruhusa iliyoandikwa: itumie kwa kazi yoyote, isome, ibadilishe, mgawie mwenzako. Bei ni jambo lingine. Kuna programu ya bure iliyofungwa kabisa, na kuna programu huru ambayo mtu anaweza kukulipisha kwa kuiweka na kuihudumia.

Wazo hili lina historia. Mmarekani Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya chuo cha MIT, alitangaza mradi wake wa GNU mwaka 1983. Amesimulia mara nyingi habari ya mashine ya kuchapa iliyokuwa ikikwamisha karatasi, na jinsi alivyonyimwa maandishi ya programu yake ili airekebishe. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki huko Finland, Linus Torvalds, alitoa kiini cha mfumo kinachoitwa Linux, na kiini hicho ndicho kilicho ndani ya Android. Kwa hiyo mama anayeuza samaki pale Kituku, mwenye simu ya Android mfukoni, anatumia programu huru kila siku bila kulijua jina lake. Mwaka 2004 Mwafrika Kusini, Mark Shuttleworth, alianzisha mfumo wa kompyuta unaotumia Linux na kuuita Ubuntu, neno ambalo Mswahili hahitaji mkalimani ili asikie utu ndani yake.

Sisi Waprotestanti tusishangae sana. Watu wa Beroya hawakuishia kumsikia Paulo. Walifungua Maandiko wenyewe wakachunguza kama ni hivyo.

Programu hizi ziko kazini kwetu tayari. Hospitali na vituo vya afya vinavyoendeshwa na jumuiya zetu hutuma hesabu za wagonjwa wizarani kwa DHIS2, programu huru inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara za afya za nchi nyingi. Anayetaka kusoma Biblia kwenye simu bila intaneti na bila matangazo ana AndBible, ambayo ni huru. Na kwa kazi ya biro kuna LibreOffice: inaandika barua, inapanga hesabu, inafungua mafaili ya Word na Excel, haidai namba ya siri wala ada ya mwaka. Tunaipendekeza kwa kila sekretari wa kanisa mahalia. Hali ilivyo sasa, kompyuta ya kanisa hupelekwa kwa kijana wa mjini ambaye kwa dola chache anaweka Windows na Office zilizovunjwa kufuli. Huo ni wizi, tuseme wazi, hata kama tumeuzoea. Tena programu iliyovunjwa na mtu usiyemjua inaweza kuja na virusi, na kutoka hapo flashi moja inayozunguka katika mabiro matano inatosha kuvieneza.

Lakini tusifanye programu huru kuwa sanamu. Kuweza kusomwa si sawa na kusomwa. Mwaka 2014 lilionekana tundu kubwa katika OpenSSL, programu huru iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya intaneti. Lilikuwa limekaa humo kama miaka miwili, maandishi yakiwa wazi kwa dunia yote. Mwezi wa 3 mwaka 2024 ilikuwa karibu kuwa mbaya zaidi. Mtu aliyejificha nyuma ya jina la bandia alijipendekeza kwa muda mrefu kwa mtunzaji mmoja aliyechoka wa programu ndogo iitwayo xz, mpaka akapewa funguo, kisha akaingiza mlango wa siri. Aliyeugundua ni mhandisi Andres Freund, kwa sababu alishangaa kwamba kuingia kwenye kompyuta kulichelewa kwa nusu sekunde. Aliweza kuchunguza kwa sababu maandishi yalikuwa wazi. Wale wanaotumaini kwamba mwingine fulani amekwisha kusoma, hao tunawaonea huruma. Ni kama kanisa ambalo kila mzee anadhani mzee mwenzake ndiye aliyehesabu sadaka.

Tena programu ni kitu kimoja, na huduma ya mtandaoni ni kitu kingine. Unapoandika kwenye Facebook au kuweka faili Google Drive, kazi inafanyika kwenye kompyuta ya mtu mwingine, katika nchi nyingine, chini ya sheria zake. Makampuni hayo mawili huishi hasa kwa matangazo, na matangazo hulishwa na habari zetu: tunapenda nini, tuko wapi, tunazungumza na nani. Hapo bure ina bei, ila bei haisomwi kwa faranga.

WhatsApp ni ya kati. Facebook iliinunua mwaka 2014, na tangu 2016 ujumbe wake hufungwa kutoka simu hadi simu, kiasi kwamba kampuni yenyewe haiwezi kusoma ulichoandika. Hilo ni jambo jema, tusilidharau. Ila kampuni inaweza kujua nani anawasiliana na nani na saa ngapi. Nakala ya akiba inayotumwa Google Drive haifungwi hivyo mpaka wewe mwenyewe uamue katika mipangilio. Signal inatumia kufuli la aina ile ile (ndiyo iliyolibuni), maandishi yake yako wazi, na inaendeshwa na shirika lisilotafuta faida. Mahakama za Marekani zilipoidai habari za watumiaji, ilikuwa na vitu viwili vya kutoa: siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipotumiwa mara ya mwisho. Mtu hawezi kunyang'anywa asichokuwa nacho.

Je, tuhamishe makanisa yote kwenda Signal? Hapana. Washiriki wako WhatsApp, mega zinauzwa ghali, na grupu lisilo na watu halitangazi mazishi. Kwa wachungaji wachache na wazee wanaojadili mambo mazito, ndiyo, tunaishauri.

Kuna wanaosema: sisi ni watu wadogo, nani atatufuata? Mwezi wa 11 mwaka 2020 waandishi wa Vice huko Marekani walieleza kwamba Muslim Pro, programu inayowaonyesha Waislamu saa za sala na upande wa Makka, ilikuwa ikipeleka habari za mahali watumiaji walipo kwa kampuni iitwayo X-Mode, nayo iliziuza kwa makandarasi wa jeshi. Wenye programu hiyo walikata uhusiano na X-Mode mara moja. Mwezi wa 1 mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani ikaizuia kampuni iliyorithi X-Mode kuuza habari za mahali nyeti, nyumba za ibada zikiwemo. Waumini walikuwa wakitafuta saa ya kusali tu. Hatusemi hili kuwacheka majirani zetu. Programu za Kikristo zenye matangazo ziko pia, na kabla ya kuiwekea simu yako programu ya nyimbo, tazama inaomba ruhusa gani. Kitabu cha nyimbo hakina haja ya kujua mahali ulipo wala majina ya watu unaowapigia.

Jambo la pili linatugusa zaidi. Mwezi wa 1 mwaka 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wavamizi wameingia kwenye kompyuta zake na kufikia habari za watu zaidi ya 515,000, wengi wao wakiwa watu waliotenganishwa na jamaa zao kwa vita, uhamaji na misiba. Njia waliyopitia ni tundu ambalo dawa yake ilikuwa imekwisha kutolewa, lakini haikuwa imewekwa. Msalaba Mwekundu una mafundi. Sisi tuna sekretari mmoja na simu yenye kioo kilichopasuka.

Na huku kwetu orodha si karatasi tu. Kanisa lililopokea wahami huandika jina la baba wa familia, kijiji alichotoka, idadi ya watoto, namba ya simu. Mchungaji anayemsikiliza mama aliyetendewa ubaya na watu wenye silaha anajua jina la mama, la kijiji, na pengine la aliyetenda. Mamlaka ya mahali inaweza kubadilika kwa usiku mmoja. Simu hukaguliwa kwenye barieri. Orodha iliyoandikwa kwa kugawa unga inaweza kusomwa kesho na mtu asiye na habari ya unga. Sheria ya nchi, ile Kanuni ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, ina sehemu nzima juu ya kulinda habari za watu binafsi, na kanisa linaloandika orodha lisijione liko nje yake. Ila hapo barieri hakuna anayeisoma.

Ushuhuda wa aliyejeruhiwa usiandikwe kwenye simu kabisa, wala usitumwe kwa sauti. Ikibidi kumpeleka hospitali, taja kwamba kuna mgonjwa anayekuja. Mengine ataeleza mwenyewe kwa daktari. Maombi ya grupu yataje haja, yasitaje jina pasipo ruhusa ya mwenye jina. Tena chunguzeni ni nani waliomo. Grupu la watu 200 si chumba cha siri: wamo waliohama, waliohasimiana na kanisa, na namba zilizoachwa ambazo huenda zimeuzwa kwa watu wengine. WhatsApp ina mpangilio wa kufuta ujumbe wenyewe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Kwa grupu la komite, siku 7 zinatosha.

Orodha za wahami ni ngumu zaidi, kwa sababu mashirika yanazitaka na familia zinakula kwa hizo. Andikeni kile tu ambacho msaada unakihitaji. Shirika likiomba kabila au namba ya kadi ya uchaguzi, ulizeni kwa nini, itakaa wapi, itafutwa lini. Mwenye sababu njema hakasiriki kwa swali hilo. Picha ya orodha isitumwe kwenye grupu. Msaada ukishagawiwa na hesabu kufungwa, orodha ichomwe.

Daftari la ubatizo na la ndoa libaki la karatasi, ndani ya sanduku lenye kufuli. Lakini karatasi nayo huungua: waliopoteza nyumba zao kwa lava ya Nyiragongo tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021 wanajua kwamba hakuna muda wa kurudi kuchukua madaftari. Kwa hiyo nakili daftari hilo kwa LibreOffice, na unapohifadhi faili, chagua kulifunga kwa neno la siri. Weka nakala moja kwenye flashi katika mji mwingine, kwa jumuiya dada. Neno la siri likisahauliwa hakuna fundi atakayelifungua faili hilo, na kazi yote itakuwa bure kwa ile maana ya tatu. Liandikwe kwenye karatasi, ndani ya bahasha iliyofungwa, moja kwa mtunza hazina na moja kwa mzee mwingine asiyekaa mtaa mmoja naye. Siku sekretari akibadilishwa au akihama, neno hilo libadilishwe kabla hajakabidhi ufunguo wa biro.