Mwanafunzi Asikaririshwe Mradi Wake

Kila msimu wa maonyesho ya sayansi unapowadia, shule zetu hushughulika mno kupamba mabango na kuusahau ulimi utakaoyaeleza. Aghalabu mwalimu huandika hotuba, naye mwanafunzi akaikariri neno kwa neno na kusimama mbele ya waamuzi kama kasuku. Akiulizwa swali moja lililo nje ya yale aliyomezeshwa, kinywa hukauka, na kazi ya miezi mingi ikaporomoka.

Walimu na wanafunzi wa Kisaju wana mfano bora wa kuiga, tena wa jirani yao. Richard Turere, kijana wa Kimaasai aliyekulia Kitengela kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, alilinda ng'ombe wa babake dhidi ya simba. Mwaka 2013 aliueleza uvumbuzi wake kwenye jukwaa la TED nchini Marekani, na hadhira ikasimama kumshangilia.

Alieleza nini? Hakuanza na mitambo. Alianza na nyumbani kwao na hasara ya mifugo. Kisha akasimulia yaliyoshindikana: moto haukuwatisha simba, na sanamu ya mtu iliwahadaa usiku mmoja tu. Ndipo alipogundua, akitembea na tochi, kwamba simba huogopa mwanga unaosogea. Betri kuukuu ya gari, paneli ya jua na kifaa cha kumwesisha taa za pikipiki vilikuja mwisho, na kila msikilizaji alikwisha kuelewa vilihitajiwa kwa nini.

Chris Anderson, aliyekuwa msimamizi wa TED, aliandika mwaka huo huo kwamba kijana huyo alikuwa na haya nyingi na Kiingereza chake kilikuwa cha kusitasita. Walichomsaidia ni kuchagua pa kuanzia na kupanga hoja zake. Baadaye alijizoeza mara kadhaa mbele ya hadhira shuleni. Kisa kilibaki chake.

Wapo watakaodai kwamba mtoto asiyeandikiwa atababaika. Na ababaike! Anayebabaika katika jambo alilolitenda mwenyewe hurejea njiani upesi. Aliyekaririshwa akipotea neno moja amepotea moja kwa moja.

Basi mwalimu na aulize badala ya kuandika: Uliona tatizo gani? Ulijaribu nini kikakataa? Ulipimaje? Mwanafunzi ajieleze kwanza kwa lugha iliyo nyepesi kinywani mwake, kisha kwa lugha ya mashindano. Wenzake wamhoji bila huruma, saa ikiwa mezani. Kushindwa kwake kusifichwe, kwani ndiko kunakothibitisha kwamba kazi ni yake.

Tuzo hupatikana na kusahaulika. Lakini mtoto anayepewa maneno ya mtu mwingine ili aeleze kazi ya mikono yake hufunzwa kwamba akili yake haiaminiki, na somo hilo halisahauliki upesi. Mcheza kwao hutuzwa. Tumwache basi acheze ngoma anayoijua.